Fatuma binti Baraka na Watu Wake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, makungwi mliotuheshimu kwa kufika kwenu, wanamuziki, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya maisha marefu ya marehemu Fatuma binti Baraka, ambaye nyote mnamjua kwa jina la Bi Kidude, na ninaona ni vyema nianze na jambo ambalo watu wengi huanza nalo na kumalizia hapo hapo, yaani umri wake, ili tukishalitua tupate kuzungumza mengine. Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo hapa Unguja, binti wa muuza nazi, katika zama ambazo mtoto wa shamba hakuandikiwa cheti wala kuwekewa tarehe. Magazeti yalipomwandika baada ya kufariki kwake mwaka 2013 yaligawanyika: wapo waliompa miaka mia moja na zaidi, wapo waliompunguzia, na wapo waliotaja mwaka 1910 kana kwamba wameusoma daftarini. Mwenyewe alizoea kusema kwamba alizaliwa wakati fedha yetu ikiwa ni rupia. Wageni wengi walilichukua neno hilo kuwa ushahidi wa kuzaliwa kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, kwa kuwa wamesoma kwamba Bara rupia iliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sisi wa Visiwani, hata hivyo, tulikaa na rupia mpaka mwisho wa mwaka 1935, na kwa hiyo aliyezaliwa enzi ya rupia angeweza kuwa mtu wa mwaka 1910 na angeweza vilevile kuwa mtu wa mwaka 1930.

Ushahidi ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, umo katika muziki. Bi Kidude alimsikia Siti binti Saad akiimba, akayahifadhi mashairi na mahadhi yake, na Siti huyo alikwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928 na akafariki dunia mwaka 1950. Msichana aliyemkuta Siti katika ubora wa sauti yake, naye akiwa na akili ya kutosha kushika alichosikia, hawezi kuwa alizaliwa jana. Mimi nimeridhika kusema kwamba aliikaribia karne au aliipita, na mwenye kutaka mwaka kamili itambidi avumilie.

Tukikubaliana na wengi wanaoamini kwamba alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1910, basi alikuwa mtoto mdogo mwezi wa Septemba 1914, pale manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoivamia alfajiri manowari ya Kiingereza Pegasus na kuizamisha katika bandari yetu. Alikua na kuzeeka chini ya Sayyid Khalifa bin Haroub, aliyekaa kitini tangu mwaka 1911 hadi 1960. Akawaona Sayyid Abdulla na Sayyid Jamshid. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Na tangu hapo akawaona Marais saba wa Zanzibar, kuanzia Mzee Abeid Amani Karume hadi Dk. Ali Mohamed Shein. Ninayataja haya kwa haraka, maana historia ya dola mnaijua, na wala sidhani kwamba Bi Kidude aliyapima maisha yake kwa masultani na marais. Aliyapima kwa watu waliokaa naye, waliomfunza na aliowafunza, na hilo ndilo ninalotaka kulizungumza kwa urefu.

Kila aliyemjua humsifu kwanza kwa uchangamfu wake. Alikuwa mtu wa watu: mwepesi wa mazungumzo, mwepesi wa mzaha, asiyechagua umri wala hadhi ya anayekaa naye. Sifa hiyo huwa tunaitaja kama pambo, yaani tunasema alikuwa mwimbaji mkubwa, na pamoja na hayo alikuwa mchangamfu. Mimi ninashikilia kwamba huko kupenda watu ndiko kulikozaa uimbaji wenyewe, na kwamba bila ya kukuelewa hatuwezi kueleza jinsi mwanamke asiye na shule, asiye na mali, asiye na mtoto wa kumzaa, alivyoweza kufanya kazi ya sanaa kwa muda wa miaka sabini au zaidi bila ya kuachwa peke yake.

Hebu tuangalie alivyojifunza. Mji wa Zanzibar wa utoto wake ulikuwa ukijaa na kupungua kwa pepo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia mwezi wa Disemba, majahazi yaliingia kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi yakiwa na tende, mazulia, chumvi na papa mkavu, na mabaharia wake wakakaa mjini wakisubiri kusi iwarudishe makwao. Katika miezi hiyo bandari ilikuwa na lugha nyingi na nyimbo nyingi, na binti wa muuza nazi, ambaye biashara ya babake ilimweka karibu na watu wa kila aina, alikuwa akizisikiliza. Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Alisikiliza, akaiga, akacheka na walioimba, akasahihishwa, na kwa njia hiyo akaingia mpaka katika nyimbo za Kiarabu ambazo aliziimba hadi uzeeni.

Taarab yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa na historia ndefu kabla yake. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliileta kutoka Misri kwa ajili ya jumba lake, na akampeleka kijana wa hapa, Mohamed Ibrahim, akajifunze Cairo kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kilikuwa cha waungwana wa mjini, wanaume watupu, wakiimba kwa Kiarabu. Aliyeitoa taarab katika mzunguko huo na kuiimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, ni Siti binti Saad, naye pia ni mtoto wa shamba, kutoka Fumba, ambaye kabla ya kuimba alikuwa akija mjini kuuza vyungu. Nyumbani kwa Siti watu walikusanyika jioni, wenye nazo na wasio nazo, na nyimbo zake zilibeba habari za mji, kesi za mahakamani, dhuluma za wakubwa na vituko vya mitaa. Fatuma binti Baraka alikuwa katika waliosikiliza. Alichukua kwake zaidi ya mashairi: alichukua ule mtindo wa kuufanya wimbo uwe mazungumzo na waliohudhuria.

Wenye kuijua taarab hawahitaji kuelezwa jambo hili, lakini wapo vijana hapa waliozoea muziki wa simu, nao nitawaomba radhi wazee niwaelezee kidogo. Katika taarab msikilizaji hakai kimya. Ubeti ukimgusa, huinuka, huenda kwa mwimbaji kwa madaha huku akicheza, akamtunza noti mbele ya watu wote, na kila aliyepo hujiuliza ubeti ule umemgusa kwa nini, na nani kafumbwa. Mwimbaji mwenye macho huuona mji wake wote humo ukumbini: nani kagombana na nani, nani kaolewa, nani kaachika. Mwimbaji asiyewajua watu wake huimba maneno tu. Bi Kidude aliwajua watu wake kwa sababu mchana alikuwa akishinda nao, akiwapaka hina maharusi, akiwachanganyia dawa za miti shamba wenye maradhi, akiitwa hapa kwenye harusi na pale kwenye ngoma.

Kabla ya kuyafikia hayo ilimbidi akimbie. Aliozwa akiwa mdogo bila ya ridhaa yake, na ndoa ile ikamshinda. Akavuka Bara, na mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alitembea miji mingi ya Tanganyika kwa miguu, pekupeku, akiimba. Katika safari zake hizo aliimba pia na kundi la taarab la Kimisri lililokuwa likizunguka pwani. Masimulizi haya yana utata wake, kwani kila aliyemhoji alitoka na njia tofauti na miaka tofauti, lakini kiini chake hakijabadilika. Ninataka tukifikirie kiini hicho kwa utulivu. Msichana peke yake, bila ya mume, bila ya mjomba wa kumpokea, katika nchi ambayo mwanamke anayetembea peke yake alishukiwa kila alipokanyaga, hana mtaji ila namna anavyopokewa na watu wa mahali anapofika jioni. Wapo wanaouona uchangamfu wa Bi Kidude kuwa ni tabia ya kuzaliwa nayo, na inawezekana, lakini mimi ninaona pia alama za mtu aliyejifunza mapema kwamba maisha yake yamo mikononi mwa wenyeji, na kwamba wenyeji hufungua milango kwa mtu anayewachangamsha. Akarejea Unguja katika miaka ya 1940, akajipatia kijumba cha udongo, akaanza upya.

Aliolewa tena, ndoa nayo haikudumu, na hakujaaliwa mtoto. Ninalitaja jambo hili hadharani kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha, na kwa sababu linabeba uzito mkubwa katika hesabu ya maisha yake. Mnajua hali ya mwanamke mtalaka asiye na mtoto katika jamii yetu. Uzeeni huhamishwa kutoka nyumba ya ndugu hii hadi ile, na wakati mwingine husemwa vibaya. Haya hayakumpata Bi Kidude, na sababu yake kubwa haikuwa umaarufu wa jukwaani, maana umaarufu huo ulimfikia akiwa bibi tayari. Sababu yake ilikuwa unyago.

Hapa naomba ruhusa ya makungwi mlioko mbele yangu, kwa kuwa naingia mlangoni kwenu, na mimi ni mwanamume. Nitabaki kizingitini, nitasema yale tu ambayo yanajulikana na wote.

Unyago wa Unguja uliletwa kutoka Bara na wanawake waliochukuliwa utumwani au waliozaliwa na walioletwa kwa utumwa: Wayao, Wanyasa, Wazaramo, Wamakonde na wengineo. Ilikuwa ni elimu ya watu walionyang'anywa karibu kila kitu. Baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, elimu hiyo haikufa pamoja na utumwa. Ilienea Ng'ambo na mashamba, ikawavuta wanawake wa asili mbalimbali, hata wa nyumba ambazo bibi zao walikuwa mabwana wa bibi za makungwi wao. Ndani ya unyago daraja zilipinduka, kwa kuwa mwenye cheo alikuwa anayejua. Binti akivunja ungo hupewa somo wake, yaani kungwi wa kumfunda, huchezwa ngoma, hufundwa usafi, heshima, mambo ya mwili wake na ya kukaa na mume, na hufundwa pia kujilinda. Mafunzo hayo hupitia katika nyimbo, mafumbo, michezo na mzaha, maana yapo mambo ambayo ukiyasema wima mwari hufunga masikio, na ukiyasema kwa kicheko huyashika maisha yake yote.

Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na mtu mkavu. Kungwi hana budi kumchekesha msichana aliyejawa na hofu, kuwatuliza mama zake, kuwapanga wapiga ngoma, kuusoma uso wa mwari na kujua lini aache, na kuishika siri ya kila nyumba anayoingia bila ya kuipeleka nyumba ya pili. Bi Kidude aliifanya kazi hii kwa miongo mingi. Alipiga msondo, ile ngoma ndefu ambayo mpigaji huipiga akiwa amesimama, ameifunga kiunoni na kuibana baina ya miguu yake, na aliendelea kuipiga katika umri ambao wenziwe walikuwa hawainuki bila ya fimbo. Hakuna anayeweza kuwahesabu wari waliopita mikononi mwake. Kila mmoja wao alitoka na udugu usiovunjika, kwa sababu somo wako ni somo wako mpaka mmoja wenu azikwe. Utamwamkia kwa heshima ya mama, utampelekea futari, utamuuguza. Mwanamke asiyezaa, kwa hiyo, alikuwa na mabinti mitaa yote ya mji huu, na mabinti hao walikuwa na mabinti ambao nao walichezwa na yeye. Utajiri huo haukuonekana na waandishi waliokuja kumtazama, kwani wao walikiona kijumba tu.

Ninakuja sasa kwenye jambo ambalo hatulizungumzi vya kutosha, nalo ni kwamba Bi Kidude aliutoa msondo nje. Aliupiga jukwaani mbele ya wanaume, mbele ya wageni, mbele ya kamera, na pamoja na ngoma yenyewe alitoa baadhi ya nyimbo na baadhi ya michezo yake. Si kila mtu alifurahi. Wapo waliosema kwamba mambo ya wanawake yameanikwa uwanjani, na wapo walioona aibu kwa niaba ya Zanzibar nzima. Ninawaelewa. Siri ya unyago haikuwa ubahili. Ilikuwa ndiyo kinga ya mwanamke, mahali pekee ambapo angeweza kuuliza asiloweza kuliuliza kwengine. Upande mwengine, tukumbuke kwamba katika nusu ya pili ya karne iliyopita unyago ulikuwa ukipungua, shule zikichukua muda wa wasichana, wazazi wakiuonea haya, na baadhi ya wanavyuoni wakiukemea. Bi Kidude aliona pengine kwamba jambo lisiloonekana kabisa litasahaulika kabisa. Alichokitoa jukwaani, kwa kadiri wanawake wanavyoniambia, ni ukumbi wa nje tu, na vyumba vya ndani alivifunga. Ikiwa ni hivyo, basi alikuwa na hesabu zake, na wale waliodhani kwamba ajuza yule anacheza kwa kusahau haya walikuwa hawamjui.

Safari zake za ng'ambo ya bahari zilianza kushika kasi katika miaka ya 1980, alipokwenda Ulaya na kundi la Twinkling Stars, na baadaye akafika nchi nyingi, Japani ikiwa mojawapo. Mwezi wa Oktoba 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, ambayo ni miongoni mwa heshima kubwa katika muziki wa dunia, na akaipokea huko kaskazini mwa Uingereza. Nyumbani tulimsikiliza Ngome Kongwe katika matamasha ya Sauti za Busara, ambayo yalianza mwaka 2004, na wale mliokuwapo mnakumbuka ile sauti: nzito, yenye mikwaruzo, isiyobembeleza, inayoanza polepole kama mtu anayesafisha koo na mara ikaujaza uwanja mpaka juu ya kuta. Wanafunzi wa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi walipiga naye. Vijana wa Offside Trick, waliokuwa na umri wa vitukuu vyake, waliingia naye studio, na wimbo wao ukachezwa katika daladala za nchi nzima.

Wengine walishangaa kwa nini msanii mkongwe wa taarab akubali kuimba na vijana wa bongo fleva. Mimi sishangai. Alikuwa akifanya kile alichokifanya bandarini na nyumbani kwa Siti, yaani kukaa na wanaoimba, wowote wawao. Wazee wengi wetu huanza kupoteza dunia siku wanapoamua kwamba walio wadogo kwao hawana la kuwaambia. Yeye hakufika huko. Waliofanya naye mazoezi husema kwamba alikuwa na adabu ya kazi, anangoja zamu yake, anataka kujua zamu ya fidla inaishia wapi. Na kazi ikisha hapo mzaha unaanza, na mzaha wake haukuwa wa kusimuliwa katika mkutano kama huu.

Nitasema neno moja juu ya sigara na pombe, kwa sababu nisiposema mtadhani naogopa. Alivuta na alikunywa, hadharani, katika mji wa Kiislamu, naye ni Muislamu. Waandishi wa nje waliifanya habari hiyo kuwa ndiyo Bi Kidude mzima, wakamchora bibi mwasi anayepuliza moshi, kwa kuwa picha hiyo inauza. Sisi wa nyumbani tukafanya kinyume, tukanyamaza, au tukasema kwa sauti ndogo kwamba Mungu atamsamehe. Pande zote mbili zilikwepa kazi ya kumwangalia. Hakuwa akimfundisha mtu kuvuta, wala hakuwa akipigana vita na dini; aliishi bila ya kujificha, na mji ambao ulikuwa mkali kwa wanawake wengine kwa makosa madogo kuliko hayo ulimwachia. Najiuliza kwa nini ulimwachia. Nadhani jibu limo katika yale niliyoyasema juu ya wari wake: ni vigumu kumtupia jiwe mtu aliyemfunda mkeo, mamako na dadako, na anayeijua nyumba yako kuliko unavyotaka ajue.

Hata hivyo mji uliomvumilia haukumtendea haki kila wakati, na wageni waliomsifu hawakumtendea haki daima. Aliimba zaidi ya nusu karne kabla ya kuwa na santuri yenye jina lake mwenyewe mbele. Tuzo ziliwekwa juu ya kabati, na nyumba ya Raha Leo ikabaki ilivyo. Fedha zilizomfikia zilipita mikononi mwake zikaenda kwa majirani, kwa ndugu na kwa kila aliyebisha hodi na shida, na kwa jambo hilo wapo waliomlaumu kwamba hakujua kuweka. Lakini mtu ambaye akiba yake yote ni watu ataiweka wapi fedha? Lawama yangu mimi iko upande wetu. Mzee mchangamfu ni rahisi kutumiwa. Mlango wake hauna saa. Ukija na kinasa sauti atakuimbia, ukija na kamera atacheza, ukija na mgeni wako kutoka Ulaya atamkaribisha chai, na wewe utaondoka na ulichokitaka bila ya kuuliza kama amekula. Wangapi tulifanya hivyo sijui. Najua kwamba palikuwa na wakati ambapo kwenda kwa Bi Kidude kulikuwa ni sehemu ya matembezi ya watalii, na hatukuona ubaya.

Miezi yake ya mwisho aliugua. Alifariki Jumatano, tarehe 17 Aprili 2013, huko Bububu, na kesho yake akazikwa Kitumba. Walikuja viongozi, Rais Jakaya Kikwete akiwa miongoni mwao, walikuja wanamuziki, na walikuja watu wa kawaida kwa wingi ambao barabara ilishindwa kuubeba. Picha za magazeti ziliwaonyesha wanaume kaburini, kama ilivyo desturi yetu. Wanawake walikuwa ndani, kwenye kilio, na huko ndiko walikokuwa makungwi wenziwe na wari wake, wazee kwa vijana, ambao hakuna gazeti lililowahoji.

Ndipo ninapotaka kukomea, kwa sababu ninayoyajua mimi yameishia hapo. Ninayajua mambo ya jukwaani, ya magazeti na ya vitabu vya muziki. Nyimbo za ndani alizozitumia kufunda, tofauti ya msondo wake na wa makungwi wa Makunduchi, mafumbo aliyoyatunga mwenyewe na yale aliyoyarithi, majina ya makungwi waliomfunda yeye kabla ya hapo, yote haya yako kwa wanawake waliokaa naye, na kadhaa kati yao wameshatangulia mbele ya haki katika miaka hii. Chuo cha muziki kina nota za taarab yake. Hakina hata ukurasa mmoja ulioandikwa na mwari wake kwa mkono wake mwenyewe, juu ya yale ambayo wanawake wenyewe wangeridhia yaandikwe. Nimewaomba waandaaji watenge chumba cha upande ule, baada ya sala ya alasiri, ambacho sisi wanaume hatutaingia, na yawekwe madaftari na vinasa sauti vitakavyobaki mikononi mwa makungwi, waamue wao kipi kitoke na kipi kisitoke. Ndugu Mwenyekiti ameniambia kwamba wapo hapa mabibi watatu waliopiga naye ngoma. Shikamooni, bibi zangu. Mimi nimemaliza, na ninaomba kipaza sauti hiki kipelekwe kwao pale walipokaa, wasisumbuliwe kuja mbele.